Mwongeleshe Mpaka Tutoke Getini

"Mwongeleshe," meneja aliniambia, macho yake yako mbele. "Mwongeleshe mpaka tutoke getini."

Tulikuwa kiti cha nyuma cha gari lake, wanawake watatu. Mimi dirisha la kulia, msimamizi wa laini yetu ya kushona dirisha la kushoto, na katikati mwenzangu wa mashine ya kumi na saba, amekalishwa wima, kanga imefungwa kichwani vizuri kama mtu anayepelekwa kliniki. Ilikuwa saa saba mchana. Viti vya gari vilikuwa vimechomwa na jua mpaka vinanuka, na mimi jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye mkanda wa sketi. Bega lake lilikuwa limenilalia. Bega lile lilikuwa kavu.

Mkono wake nilikuwa nimeushika. Msimamizi ndiye aliyesema niushike, usije ukadondoka.

Getini mlinzi akaja, akainama dirishani kama kawaida yake.

"Eh, dada, leo umepakiwa gari la bosi!" alisema akicheka. Halafu akamtazama vizuri. "Umezidiwa? Pole bwana. Upone upesi, urudi."

Mwenzangu akamkodolea tu. Mimi nilikuwa naendelea na maneno yangu, taratibu, karibu na sikio lake, na mlinzi aliposikia mtu anasemeshwa akaridhika. Akainua bomba la geti. Gari likatoka.

Alikuwa amekufa. Nataka ulijue hilo tangu hapa mwanzo, usije ukaanza kujiuliza mbele. Alikufa ndani ya kiwanda, kwenye mashine yake, mguu wake upo kwenye pedali, mlango umefungwa kwa kufuli. Wakubwa wa kiwanda wanasema alitoka pale yu hai, akafia njiani. Na mahali alipofia ndiyo kesi yenyewe. Kama ni kwenye mashine, watoto wake wawili wana haki ya fidia, na ile mishahara yake ya nyuma hakuna wa kuikana. Kama alitoka mwenyewe akizungumza, basi ni mgonjwa aliyeacha kazi, na kwao habari yake imekwisha.

Majina siandiki. Nimeshauriwa hivyo na mtu anayejua sheria kuliko mimi niliyeishia darasa la nne. Lakini vyeo naviandika na wenyewe watajijua: meneja, aliyeendesha gari. Msimamizi wa laini yetu, aliyefunga kanga. Na mwenye kiwanda, ambaye tulikuwa tunamwona akipita na wageni, anawaonyesha sisi kama mtu anayeonyesha mifugo yake.

Mimi ni mtu wa Gulwe, kule kwenye reli. Nilikuja Dodoma mjini baada ya mume wangu kufariki, nikiwa nimeshapita miaka arobaini, nikapanga chumba Chang'ombe. Cherehani nilijifunza kwa shangazi, ya mguu, kushona magauni ya Krismasi na sare za kwaya. Kwa hiyo niliposikia kuna kiwanda cha mashati ya shule nje kidogo ya mji, nilikwenda nikapanga foleni getini na wenzangu, tukajaribiwa kushona kola, nikapita.

Lile jengo lilikuwa ghala la alizeti zamani. Bati juu, bati ubavuni, sakafu ya saruji ambayo ukimwaga maji bado inatoa harufu ya mafuta. Mashati yalikuwa meupe. Na wewe unayeijua Dodoma unaujua upepo wetu na lile vumbi jekundu: unafua shuka asubuhi, mchana imekuwa ya rangi nyingine. Kwa hiyo meneja aliagiza madirisha yote yapigiliwe mbao. Mashati yasichafuke. Vumbi la nje halikuingia, na lile la ndani likakosa pa kutokea. Pamba ile ya kitambaa ilikuwa inapepea hewani siku nzima, feni zinaizungusha, inatua kwenye nywele, kwenye kope, puani. Jioni tukitoka, wasichana wadogo wa miaka ishirini walikuwa na nyusi nyeupe kama vikongwe. Tulikuwa tunachekana. "Shikamoo bibi!" mmoja anasema. "Marahaba mjukuu, nishike mkono nivuke barabara." Halafu mtu anajifuta na kanga, anarudi kuwa binti.

Majina yetu hawakuyatumia. Kila asubuhi msimamizi alisimama mbele akaita namba za mashine, na kila mtu akaitikia "nipo". Mimi nilikuwa kumi na nane. Yeye, jirani yangu wa kushoto, kumi na saba. Mwanzoni tulifanya utani, hata tukikutana sokoni Majengo tunaitana hivyo.

"We Kumi na Saba, hizo dagaa mbona nyingi, umeolewa?"

"Nimeolewa na tumbo langu. Wewe Kumi na Nane nunua mlenda uondoke."

Alikuwa mtu wa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa. Mdogo kwangu kwa miaka mingi. Watoto wake alikuwa amewaacha kwa mama yake, na kila akipata kitu alituma kwa simu. Alikuwa mcheshi, ila alikuwa na pumu. Kule kwao, alisema, hewa ni baridi na pumu inalala. Hapa iliamka. Alikuwa na ile dawa ya kupuliza mdomoni, anaiweka kwenye mfuko wa aproni, na kila baada ya muda nilisikia ile "fsss" kando yangu. Nikaizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Mwezi wa kwanza tulilipwa. Wa pili tulilipwa nusu. Kuanzia hapo ikawa ni Jumamosi. Hela ipo, Jumamosi. Mzigo umeshapokelewa, Jumamosi. Mwenye kiwanda yuko safarini, akirudi tu, Jumamosi. Wenye nyumba walikuwa wanatutafuta, wenye maduka wametukatia mkopo. Ukitaka kuacha kazi, utaacha vipi na jasho lako lote limebaki mle ndani? Hiyo ndiyo kamba waliyotufungia. Kadiri walivyokuwa hawatulipi ndivyo tulivyozidi kuwahi asubuhi.

Yeye dawa yake ikaisha. Nilimwona akiitikisa karibu na sikio, anasikiliza.

"Imebaki harufu tu," akaniambia.

Akaenda ofisini kuomba angalau hela ya dawa. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Meneja alikuwa anakula, akafuta mikono, akamsikiliza mpaka mwisho, mpole kabisa. Akamjibu neno moja. Sina haja ya kulirudia, unalijua ni siku gani ya wiki.

Siku yenyewe kulikuwa na upepo tangu asubuhi. Tulipokuwa tunaingia, chamchela ya vumbi ilisimama katikati ya uwanja, nyekundu, ndefu kuliko jengo, ikajizungusha pale pale bila kwenda popote. Wenzetu wengine walisimama kuiangalia. Msimamizi akapiga makofi tuingie. Mlango ukafungwa kwa kufuli nyuma yetu, kama siku zote, eti tusiibe mashati, na ufunguo akaondoka nao meneja kwenda mjini.

Mbao za madirisha zilikuwa zinagonga. Ndani joto. Mzigo ulikuwa wa haraka.

Saa tano alinyoosha mkono. "Madam, naomba nitoke nje kidogo, kifua kinabana."

Msimamizi wetu alikuwa fundi kama sisi kabla hajapandishwa. Vidole vyake vina makovu ya sindano kama vyangu. Akasema, "Funguo sina. Maliza bando lako kwanza, bosi yuko njiani."

Akamaliza lile bando, lile fungu la vipande vya kushona. Akaomba tena. Akaletewa bando jingine na kikombe cha maji.

"Kumi na Nane," akaniambia kwa sauti ndogo, "nisemeshe basi, nisilale."

Nikamsemesha. Nikamwambia habari za mwenye nyumba wangu na bata wake. Akacheka kidogo, cheko bila hewa. Halafu nikawa na kola mbovu mkononi, nikanyamaza niifumue.

Mashine za umeme zina mwendo wake. Fundi akiwa kazini sauti inakwenda na kukata, inakwenda na kukata, kwa sababu unashona upande, unasimama, unageuza kitambaa, unashona tena. Watu wengi mkishona pamoja inakuwa kama mvua inayokuja na kuacha. Nilikuwa nimeinamia kola yangu nikasikia sauti ya kushoto kwangu imeacha kukata. Ilikuwa inakwenda tu. Inakwenda, inakwenda. Nikafikiri anashona kitu kirefu. Halafu nikafikiri, kwenye shati la mtoto kuna kitu gani kirefu hivyo?

Nikageuka. Alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye kichwa cha mashine, kama mtu anayesikiliza kitu ndani yake. Mguu upo kwenye pedali na uzito wote wa mguu uko pale. Mkono wa shati ulikuwa umepita chini ya sindano mpaka ukajifunga mdomo, ukashonwa ukafungwa kabisa, na sindano ilikuwa imeshatoka kwenye kitambaa, inapiga hewani.

Nilizima swichi. Kimya kile kikapita laini nzima, mashine moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki feni na zile mbao.

Msimamizi alikuja akamgusa shingoni. Akamgusa tena. Nikaona uso wake unavyobadilika, kisha nikaona unavyorudi kuwa wa kazini. Akapiga simu.

Meneja alipofika alifungua kufuli, akaingia, akafunga tena nyuma yake. Alimtazama kidogo. Sisi akatutazama zaidi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anatangaza mabadiliko ya saa ya chakula:

"Sikilizeni. Hapa akitoka maiti, polisi wanakuja, kiwanda kinafungwa, na mishahara yenu hamtaiona tena, mimi sitakuwa na cha kuwasaidia. Akitoka mgonjwa, tunamkimbiza hospitali, na Jumamosi hii mnalipwa wote. Yote ya nyuma. Nani ana la kusema?"

Tukainamia mashine zetu. Wanawake wote wale, kila mmoja na mwenye nyumba wake, na watoto wake, na deni lake la unga. Pamba ilikuwa inaendelea kutua juu yetu, juu yake pia. Meneja akaninyooshea kidole. "Wewe jirani yake. Njoo."

Msimamizi alichukua kanga ya marehemu kwenye msumari, akamfunga kichwani. Kisha akatoa leso yake akamfuta nyusi, polepole, mpaka zikawa nyeusi. Kitu kile sijakisahau. Alikuwa anamrudisha ujana ili mlinzi asishangae.

Lile shati lenye mkono ulioshonwa mdomo alilifumua msimamizi mwenyewe, nilisikia baadaye, akalipiga pasi, likaingia kwenye mzigo. Kuna mtoto mahali fulani analivaa sasa hivi. Watoto wa shule wakinipita njiani mimi huangalia mikono yao. Siwezi kuacha.

Basi, tukaingia garini. Na meneja akaniambia nimwongeleshe.

Sasa ngoja nikueleze nilichosema, kwa sababu ndicho kilichokuja kunirudia.

Nilipokuwa mtoto, babu yetu mdogo alifia hospitali Mpwapwa, tukamleta Gulwe nyuma ya pikapu. Bibi alikaa karibu na kichwa chake, na njia nzima alikuwa anamsemesha. Sasa tunatoka hospitali. Sasa tunashuka. Hapa ni korongoni, usishuke, si hapa, twende wote. Hapa ni kwa yule fundi baiskeli, usishuke, si hapa, twende wote. Kila penye njia panda, kila gari lilipopunguza mwendo, maneno yale yale. Nilimuuliza kwa nini, akasema mtu aliyekufa hajui kwamba safari ni yake. Gari likisimama anadhani amefika, anashuka. Usipomwambia anabaki pale pale, anazunguka. Sijui kama ni desturi ya Wagogo wote au ni ya bibi zetu wa upande ule tu. Mimi niliikuta, nikaishi nayo.

Kwa hiyo nilipoambiwa niseme na maiti, maneno niliyokuwa nayo kinywani yalikuwa hayo. Mengine ya kumwambia mtu aliyekufa sijui. Gari lilipowashwa nikaanza. Sasa tunatoka kiwandani. Gari likasimama getini, mlinzi ameinama, mimi nikamwambia mwenzangu sikioni: "Usishuke, si hapa. Twende wote." Tukapita reli: usishuke, si hapa, twende wote. Foleni ya bajaji sokoni Majengo, pale pa dagaa: usishuke, Kumi na Saba, si hapa. Msimamizi alikuwa analia kimya kimya upande wa pili. Meneja alinitazama kwenye kioo, akasema, "Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Mlango wa hospitali wakamshusha wao. Mimi nikaambiwa nirudi kazini na bodaboda.

Daktari alisema wamemleta ameshakufa. Meneja akasema, jamani, amekata roho njiani, tumejitahidi. Jioni ile ile alitafuta gari la kumpeleka Kibakwe na akatoa mchele, sukari, na jora la kitambaa cheupe cha kutandika ndani ya sanduku. Kitambaa cha mashati. Mimi nilinyimwa ruhusa ya kwenda kuzika.

Asubuhi yake msimamizi alisimama mbele akaita. Kumi na tano, nipo. Kumi na sita, nipo.

"Kumi na saba."

"Nipo."

Nadhani laini nzima iligeuka kwa pamoja. Alikuwa binti mmoja mgeni, ametolewa foleni ya getini asubuhi hiyo hiyo, amekalishwa pale, hajui chochote. Akatuona tunavyomtazama, akaangalia nguo zake kama zina kitu.

"Kumi na nane," msimamizi akaita. Ikabidi aite tena.

Mchana yule binti aliniinamia. "Dada, samahani. Hii mashine mbona haisimami vizuri? Nikiondoa mguu inaendelea kidogo."

"Mwambie fundi wa mashine akuangalizie."

"Ameangalia. Anasema nzima."

Nikaanza kuisikiliza. Ni kweli. Sisi sote tukikata, ile ilikuwa inachelewa, inakwenda peke yake kidogo, kisha inakata. Wenzangu wengi waliisikia, muulize yeyote. Hatukuisema kwa sauti. Yule binti aliacha kazi kabla ya mwezi kuisha, akaja mwingine, naye akaitikia "nipo".

Jumamosi ilifika. Meneja hakuja. Jumamosi nyingine alikuja akasema ile shughuli ya msiba imekula hela. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimefanya kile kitu bure. Nikasema, mbele ya watu, kwamba yule dada alikufa hapa hapa na wote tuliona. Meneja akaniuliza, mpole vilevile, kama mimi niliyekuwa nazungumza naye garini nilikuwa nazungumza na maiti. Watu wakainamisha vichwa. Kesho yake kumi na nane iliitikiwa na mtu mwingine, na mimi niko nje ya geti.

Mama yake marehemu alikuja kutoka Kibakwe siku tulipoitwa kusuluhishwa na kiwanda, baada ya sisi kupeleka malalamiko. Tulikuwa wanawake wachache tuliofukuzwa, na yeye amekaa mwisho wa benchi, mama mwembamba wa milimani, amevaa sweta kwenye joto lile la Dodoma. Upande wa pili meneja, mwanasheria wa mwenye kiwanda, na mlinzi wa geti kama shahidi.

Mlinzi si mtu mbaya. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa, hajui mambo yetu. Alisema alichokiona.

"Alikuwa amekaa mwenyewe. Alikuwa anazungumza na huyu mama hapa. Nadhani hata hakutaka kwenda hospitali, alikuwa anataka kushuka."

"Umejuaje alitaka kushuka?" mwanasheria akamuuliza.

"Huyu mama alikuwa anamzuia. Nilimsikia. 'Usishuke, si hapa, twende wote.' Alirudia zaidi ya mara moja."

Mwanasheria akanigeukia. "Ulisema maneno hayo?"

"Nilisema. Lakini ni maneno ya..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Mtu anamzuia maiti asishuke kwenye gari?" Meneja alitabasamu kidogo. Nilieleza habari za bibi na pikapu, nikaeleza vizuri kadiri nilivyoweza. Mwanasheria akasema mambo ya imani tuyaache nyumbani. Ikaahirishwa.

Nje, mama alinifuata kivulini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyekuwa na mwanangu garini?"

"Ndiye mimi."

"Hili la hela watajua wenyewe wanaosoma. Mimi nimeuza mbuzi nije niulize kitu kimoja. Alikuambia nini? Yule mlinzi kasema mlikuwa mnaongea. Nataka neno lake la mwisho."

Nikaelewa kwamba mle ndani, kule mwisho wa benchi, maneno ya mlinzi na yangu aliyasikia nusu nusu. Nikamrudia yote niliyosema garini. Usishuke, si hapa, twende wote.

Mama akavuta sweta.

"Mtu aliye hai haambiwi hivyo," akasema.

"Haambiwi."

"Basi mwanangu alipita lile geti amekwisha kufa."

"Ndiyo, mama."

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hakikuja. Kilichokuja ni swali.

"Ulianzia wapi kumsemesha?"

"Garini. Lilipowashwa."

"Pale kwenye mashine hukumwambia anyanyuke?"

Nilikuwa sijawahi kufikiria. Bibi yangu alianza kule kitandani, hospitali, kabla hawajambeba. Nyanyuka, twende, alisema. Nakumbuka. Mimi nilikuwa nimeanza pale meneja aliponiambia nianze. Gari lilikuwa limeshawashwa, na nilikuwa nasema njia yote vizuri, kona kwa kona, kwa mtu ambaye huenda hakuwemo.

"Hukumwambia," mama akasema.

"Sikumwambia, mama. Nisamehe."

"Mbona wewe ndiye unaomba msamaha?" akaniuliza. Akanyanyuka. "Nipeleke."

Tulikwenda na bajaji. Mlinzi alikuwa amesharudi getini kwake. Mama akamsalimia, akamweleza kwa upole kwamba anataka kuingia mara moja, asimame penye mashine ya mwanawe, amwambie anyanyuke, aondoke naye. Haombi kingine. Mlinzi alimtazama, akanitazama mimi, na nikaona kitu kinamwingia taratibu.

"Dada," akaniambia, "siku ile... Mimi nilimpa pole. Hakupepesa macho. Nilimuaga gari linaondoka, hakupepesa. Nikasema labda ana hasira na mimi."

"Sasa unajua."

"Mungu wangu." Alishika lile bomba la geti kwa mikono miwili. "Sasa unajua mimi nimeshaandikisha maneno yangu kule?"

Alipiga simu ofisini. Nilisikia sauti ya meneja ndani ya simu, sikusikia maneno. Mlinzi akakata, akainama kwa mama kama anavyoinamia madirisha ya magari.

"Mama yangu, wanasema hakuna aliyefia humu, kwa hiyo hakuna wa kumfuata humu."

Tulisimama nje ya uzio. Upepo ulikuwa umetulia, na kwa kuwa umetulia tulisikia mashine. Zinakwenda na kukata, zinakwenda na kukata. Mama hajawahi kuingia kiwandani maishani mwake, hajui cherehani ya umeme. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akanyoosha kidole kwenye ule ukuta wa bati, upande wa kushoto, pale pale ilipo laini yetu.

"Mbona ile moja haikati?"

Alirudi Kibakwe na basi la jioni, peke yake. Mimi nauza karanga na ubuyu Sabasaba, mishahara yangu ya nyuma wanayo wao bado. Mlinzi ameniahidi atarudi kule kwenye usuluhishi aseme upya, na mimi namngoja, maana na yeye ana watoto.

Lakini huyu siye ninayemdai jibu. Namdai meneja. Wewe uliyekaa mbele ukaniangalia kwenye kioo ukasema vizuri, endelea hivyo hivyo. Ulijua nasema na nani. Njoo usimame mbele ya mama yule wa sweta useme ulijua. Msimamizi, wewe uliyemfuta nyusi, vidole vyako vinajua shingo ile ilikuwaje ulipoigusa mara ya pili. Sema. Na wewe mwenye kiwanda unayepitisha wageni, wakifika mashine ya kumi na saba wakakuuliza huyu ni nani, unawajibuje? Mwanamke alifia pale akisubiri mshahara wako wa kununulia pumzi.

Fungueni hilo kufuli. Mama aingie, asimame pale, amwite mwanawe kwa jina lake alilompa. Kabla hamjafungua, mtu mmoja kati yenu anijibu: alifia wapi?